Mikunjo ya Uso na Kope Zilizolegea: Mwongozo Kamili wa Tiba Zisizohitaji Upasuaji Mkubwa

Watu waliotibiwa mikunjo ya uso hurudi na malalamiko yanayofanana. Paji la uso limelainika, lakini macho yanaonekana madogo na mazito kuliko yalivyokuwa. Au kijazo, yaani jeli inayochomwa chini ya ngozi ili kuongeza ujazo, kimewekwa chini ya macho, na mikunjo ya pembeni iliyokuwa ikimkera mtu imebaki pale pale. Mara nyingi dawa haikuwa mbovu, wala mkono wa aliyechoma sindano haukukosea. Tatizo lilitangulia sindano: mgonjwa aliingia kliniki akiwa amekwisha kuchagua tiba, ilhali hakuna aliyechunguza mkunjo ule unatokana na nini, wala ukope ule umeshuka kwa sababu gani.

Kwa sababu hiyo hatua mbili za kwanza hufanyika nyumbani mbele ya kioo, na hazigharimu chochote. Usiziruke.

## Mahitaji

- Kioo kilichowekwa mbele ya dirisha wakati wa mchana. Taa ya darini hutia vivuli chini ya nyusi na kukufanya udhani kope zimeshuka zaidi ya hali halisi.
- Rula inayoonyesha milimita, tochi ndogo, na mtu mmoja wa kukusaidia kupima.
- Simu yenye kamera nzuri.
- Picha zako za miaka 10 au 15 iliyopita. Picha za vitambulisho ndizo bora, kwa kuwa hupigwa uso ukiwa umetulia.
- Orodha ya magonjwa uliyo nayo na dawa zote unazotumia, pamoja na virutubisho na dawa za mitishamba.
- Muda wa kutosha. Kama kuna harusi au safari, tiba ya mwisho iwe imefanyika angalau wiki nne kabla yake.

## Hatua ya 1: Tenganisha aina za mikunjo

Piga picha ya uso ukiwa umetulia kabisa. Kisha piga nyingine ukiinua nyusi, ya tatu ukikunja uso kana kwamba umekasirika, na ya nne ukitabasamu hadi macho yanafinyika. Linganisha picha hizo.

Mikunjo inayoonekana tu wakati uso unatenda ni mikunjo ya mwendo. Huletwa na misuli inayovuta ngozi, na hukaa hasa kwenye paji la uso, katikati ya nyusi na pembeni mwa macho. Mikunjo inayobaki hata uso ukiwa umetulia ni mikunjo ya kudumu. Ngozi yenyewe imepoteza kolajeni, protini inayoipa uimara, na imeshika alama. Kuna pia mistari midogo midogo iliyotapakaa mashavuni na chini ya macho, ambayo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya jua. Mwisho ni mifereji inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, ambayo husababishwa zaidi na mashavu kupungua ujazo na kuteremka.

Sasa livute eneo la mkunjo taratibu kwa vidole viwili. Mkunjo ukitoweka kabisa, bado uko juujuu. Mstari ukibaki hata ngozi imetandazwa, sindano ya kulegeza misuli peke yake haitaufuta, na anayekuahidi hivyo anauza matumaini.

Utajua umefaulu ukiweza kuonyesha kila mkunjo unaokusumbua na kusema ni wa mwendo, wa kudumu, wa jua au wa kulegea. Mkunjo mmoja unaweza kuwa wa aina mbili kwa pamoja, na hilo ni jambo la kawaida baada ya miaka 45 hivi.

## Hatua ya 2: Chunguza kope zako kabla ya kuwaza paji la uso

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa malalamiko mengi.

Kope zinazoonekana kushuka zinaweza kuwa na sababu tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni ngozi iliyozidi: ukope uko mahali pake, lakini ngozi ya juu yake imelegea na kuning'inia hadi kwenye kope za nywele. Ya pili ni ukope wenyewe kushuka kwa sababu msuli unaouinua, au utando unaounganisha msuli huo na ukope, umedhoofika au kunyooka. Ya tatu ni unyusi kuteremka na kusukuma ngozi yote chini. Watu wengi wana mbili kati ya hizo, na wengine wana zote.

Fanya vipimo vitatu vifuatavyo.

Kipimo cha mwanga. Tazama mbele, uso ukiwa umetulia. Msaidizi ashike tochi usawa wa macho yako, kisha apime kwa rula umbali kutoka kwenye nukta ya mwanga inayong'aa katikati ya mboni hadi ukingo wa ukope wa juu. Rula isiguse jicho. Kwa kawaida umbali huo ni milimita 4 hadi 5. Ukiwa 2 au chini yake, ukope umeshuka kiasi cha kuweza kuziba sehemu ya juu ya uoni, na wa kwanza kumwona ni daktari wa macho, si mtaalamu wa urembo.

Kipimo cha ngozi. Inua kwa kidole ngozi inayoning'inia, bila kuvuta ukingo wa ukope. Jicho likionekana limefunguka vizuri mara moja, tatizo kubwa ni ngozi. Likibaki limefinyika, tatizo liko kwenye msuli.

Kipimo cha paji. Funga macho na utulize uso kwa nusu dakika. Msaidizi abonyeze kwa vidole sehemu ya juu kidogo ya nyusi zote mbili ili zisiweze kupanda, kisha ufungue macho. Kama kope zimeangukia mboni, au umehisi ni lazima usukume ndipo uone, basi umekuwa ukitumia msuli wa paji la uso kuyafungua macho yako bila kujua.

Kipimo hicho cha tatu kina uzito kuliko vyote. Mtu wa namna hiyo huwa na mistari mirefu ya mlalo kwenye paji la uso, naye huichukia, kumbe mistari hiyo ni jasho la kazi. Msuli wa paji ndio pekee unaoinua nyusi. Ukiulegeza kwa sindano, mistari hutoweka, nyusi huteremka, na kope zilizokuwa zikibebwa hulala juu ya macho kwa miezi mitatu au minne. Kwa uso kama huo, kutibu kope kwanza ndiyo njia, na mara nyingine mistari ya paji hupungua yenyewe baada ya kope kutengemaa.

Linganisha pia na picha za zamani. Kama ukope wa upande mmoja umekuwa hivyo tangu utotoni, mweleze daktari. Hilo si suala la umri.

Onyo. Ukope ulioshuka ghafla, kwa saa au siku chache, si jambo la urembo. Ukiambatana na kuona vitu viwiliviwili, maumivu makali ya kichwa, mboni moja kuwa kubwa au ndogo kuliko nyingine, mdomo kwenda upande, au udhaifu wa mkono au mguu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa maana inaweza kuwa kiharusi au mshipa wa damu uliovimba ubongoni. Ukope unaokuwa sawa asubuhi na kuchoka jioni unahitaji kuchunguzwa kwa ajili ya mayasthenia gravis, ugonjwa unaodhoofisha misuli. Mwenye ugonjwa huo kwa kawaida hachomwi kabisa sindano za kulegeza misuli.

## Hatua ya 3: Oanisha tatizo na tiba

### Mikunjo ya mwendo: sumu ya botulinamu

Sumu ya botulinamu aina ya A, ambayo wengi huiita kwa jina la chapa moja tu, Botox, huzuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli hupumzika, na ngozi iliyo juu yake haikunjwi tena. Matokeo huanza kuonekana siku ya 3 hadi ya 5, hukamilika yapata siku ya 14, na hudumu miezi 3 hadi 4. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, iliidhinisha Botox kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002, kwa pembeni mwa macho mwaka 2013, na kwa paji la uso mwaka 2017.

Haifai kwa mjamzito au anayenyonyesha, kwa mwenye maambukizi mahali pa kuchoma, wala kwa aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo.

### Ujazo uliopungua na mikunjo mirefu ya kudumu: vijazo

Vijazo vingi vya leo vimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroni, ambayo iko mwilini kiasili. Hudumu miezi 6 hadi 18 kulingana na ugumu wa kijazo na mahali kilipowekwa. Faida yake kubwa ni kwamba vinaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, jambo lisilowezekana kwa vijazo vya kudumu kama silikoni. Kwa mtu anayeanza, sioni sababu ya kukubali kijazo kisichoyeyushika.

Hatari kubwa ni kijazo kuingia kwenye ateri au kuibana. Ngozi inaweza kufa, na mara chache sana mtu hupofuka. Katikati ya nyusi na puani ndipo hatari ilipo kubwa zaidi, kwa kuwa ateri za hapo zinaungana na zile za jicho. Mkunjo wa katikati ya nyusi ujaribiwe kwanza kwa kulegeza msuli. Kijazo hapo kiachiwe mabingwa, kama kinahitajika kabisa.

Chini ya macho nako kunataka tahadhari. Mwenye mifuko iliyovimba akiongezewa kijazo huonekana amevimba zaidi, na kijazo kikikaa juujuu mno huacha rangi ya bluu chini ya ngozi.

### Mistari ya jua na ngozi iliyochoka: leza, kemikali na sindano ndogondogo

Tiba hizi hujeruhi ngozi kwa kipimo ili ijenge kolajeni upya. Swali la kwanza hapa ni rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hujibu jeraha kwa kutoa rangi nyingi, na mtu anaweza kuondoa mistari akabaki na madoa meusi kwa miezi mingi. Leza ya kaboni dioksidi, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, ina nguvu sana lakini ina hatari hiyo kubwa. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064 hupenya chini bila kuzongwa na rangi ya ngozi, hivyo ni salama zaidi, ingawa matokeo yake kwa mikunjo ni ya wastani. Sindano ndogondogo, zinazotoboa ngozi juujuu, nazo huchokoza rangi kidogo tu. Kwa kawaida hufanywa vipindi 3 hadi 6, wiki nne au zaidi kati ya kimoja na kingine. Kemikali za kubambua ngozi zibaki za juujuu, na zijaribiwe kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio.

Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, aseme mapema.

Kwa mistari midogo, krimu ya usiku ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, pamoja na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila siku hufanya kazi halisi, ila huchukua miezi. Tretinoini haitumiwi katika ujauzito.

### Kope

Ngozi iliyozidi haitoki kwa sindano. Hilo lieleweke vizuri, kwa sababu watu hutumia fedha nyingi wakilikwepa. Ngozi iliyolegea kidogo tu inaweza kukazwa kwa leza au mawimbi ya redio, lakini ngozi ya ukope ni nyembamba kuliko zote mwilini, na vifaa hivyo vinapofika karibu na jicho, mboni lazima zifunikwe kwa kinga maalumu ya chuma. Ngozi inayoning'inia hasa huondolewa kwa upasuaji mdogo wa ganzi ya sindano: nyuzi hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na mavilio ya damu chini ya ngozi huisha kwa wiki moja hadi mbili. Hii si tiba ya sindano tu, lakini kwa tatizo hili ni nyepesi kuliko miaka mitano ya kujaribu nyinginezo.

Ukope ulioshuka kwa udhaifu wa msuli unaweza kuinuliwa kwa muda na matone ya oksimetazolini ya 0.1%, yaliyoidhinishwa na FDA mwaka 2020. Tone moja kwa siku huinua ukope kwa takriban milimita 1, kwa saa kadhaa. Hayaponyi chochote; yakikatwa, ukope hurudi ulipokuwa. Usitumie badala yake dawa ya pua yenye jina hilo, kwani haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Anayetaka matokeo ya kudumu hufanyiwa upasuaji wa kukaza msuli wenyewe.

Unyusi ulioteremka kidogo upande wa nje unaweza kupandishwa milimita moja au mbili kwa kulegeza msuli unaouvuta chini, yaani ule wa duara unaozunguka jicho. Nyuzi za kuvutia ngozi za PDO (polidioksanoni) nazo hutumika, ila huyeyuka ndani ya miezi sita hivi, na matokeo yake hutofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Utajua umefaulu ukiwa na sentensi moja kwa kila tatizo, kwa mfano: "Mistari yangu ya pembeni mwa macho ni ya mwendo, hivyo naomba sindano, paji langu linabeba kope, hivyo lisiguswe kabla daktari wa macho hajanipima."

## Hatua ya 4: Mchague mtoa tiba kwa maswali

Leseni ya udaktari au uuguzi ni mwanzo tu. Uliza dawa itakayotumika inaitwaje, namba ya toleo lake ni ipi, na yuniti ngapi, yaani vipimo vya dawa, zitachomwa wapi. Kama ni kijazo, uliza kama hayaluronidesi ipo chumbani wakati huo huo. Kisha uliza: "Ukope wangu ukishuka baada ya sindano, utafanya nini?" Anayejua kazi yake atajibu bila kuchukizwa.

Botox hukaa kwenye jokofu katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na huchanganywa kabla ya kutumika. Omba kuiona chupa. Bei iliyo chini mno ikilinganishwa na za wengine inaweza kumaanisha dawa imeongezwa maji kupita kiasi au ni bandia. Mwaka 2024, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa tahadhari baada ya watu katika majimbo kadhaa kuugua kwa kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na watu wasio na sifa, wengine majumbani.

## Hatua ya 5: Andaa mwili

Siku 7 kabla ya sindano, epuka ibuprofeni, mafuta ya samaki, vitamini E na virutubisho vya vitunguu saumu au jinko (ginkgo), kwa kuwa huongeza mavilio ya damu. Aspirini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au kiharusi usiiache bila ruhusa ya daktari aliyekuandikia. Vilio la damu hupona.

Ukiwa na malengelenge ya mdomo, jipu au chunusi zilizotunga usaha mahali pa kuchomwa, ahirisha. Matibabu ya meno na vijazo vitengane kwa wiki mbili ili kupunguza uwezekano wa maambukizi.

## Hatua ya 6: Siku ya tiba

Uso uoshwe hadi vipodozi vyote vitoke. Picha zipigwe kabla, ukiwa umetulia na ukiwa unakunja uso. Kope zote mbili zipimwe na vipimo viandikwe; bila hivyo hakuna atakayejua baadaye kama tofauti ilikuwepo tangu awali.

Ili uweze kufuatilia, dozi zilizoidhinishwa za Botox ni hizi: katikati ya nyusi ni yuniti 20 katika pointi 5, pembeni mwa macho ni jumla ya yuniti 24 kwa pande zote mbili, na paji la uso ni yuniti 20, zikiambatana na zile 20 za katikati ya nyusi. Daktari anaweza kupunguza, na kwa mara ya kwanza napendelea kupunguza. Yuniti za chapa moja hazilingani na za nyingine. Dysport, kwa mfano, hutumia yuniti 50 katikati ya nyusi, na hiyo haimaanishi kwamba umechomwa dawa nyingi zaidi.

Pointi za karibu na nyusi zikae angalau sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho. Dawa ikichomwa chini ya hapo inaweza kupenya hadi kwenye msuli unaoinua ukope.

Kwa kijazo, sema mara moja ukihisi maumivu makali yasiyo ya kawaida. Usijikaze kiume.

## Hatua ya 7: Saa na siku zinazofuata

Baada ya sumu ya botulinamu, kaa wima kwa saa 4, usisugue wala kusinga uso, na uache mazoezi mazito kwa saa 24. Vipele vidogo kama vya kuumwa na mbu huisha ndani ya saa moja. Usihukumu matokeo kabla ya siku ya 14. Wanaokwenda kuongezewa siku ya nne ndio huishia na uso usiotikisika.

Baada ya kijazo, uvimbe wa siku chache ni wa kawaida. Dalili zifuatazo si za kawaida: ngozi kuwa nyeupe ghafla au kuwa na mabaka ya zambarau yenye mfano wa wavu, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi kuwa baridi. Rudi kwa aliyekuchoma saa hiyo hiyo. Uoni ukififia au kupotea, hesabu ni ya dakika. Nenda moja kwa moja kwenye dharura ya macho.

Baada ya sumu ya botulinamu, shida ya kumeza, kusema au kupumua, hata ikitokea siku kadhaa baadaye, hupelekwa hospitali bila kusubiri.

## Hatua ya 8: Hakiki siku ya 14, na la kufanya ukope ukishuka

Rudia picha nne za hatua ya kwanza, mahali pale pale na kwa mwanga ule ule. Matokeo mazuri ni haya: mkunjo wa mwendo umepungua waziwazi, nyusi bado zinapanda kidogo, na umbali kutoka kwenye nukta ya mwanga hadi ukope haujapungua. Mistari ya kudumu itakuwa imefifia tu, na hilo si kushindwa.

Macho yakionekana mazito, pima kabla ya kulalamika. Kama unyusi umeteremka na umbali wa ukope uko vile vile, msuli wa paji ndio uliolegezwa kupita kiasi. Hapo hakuna matone ya kusaidia sana. Daktari anaweza kulegeza kidogo misuli inayovuta unyusi chini, la sivyo ni kusubiri.

Kama ukingo wa ukope mmoja umeshuka, dawa imefika kwenye msuli wake. Hali hii huonekana kati ya siku ya 3 na ya 14, na huisha yenyewe kwa wiki kadhaa. Katika majaribio ya Botox katikati ya nyusi ilitokea kwa takriban watu 3 kati ya 100. Daktari anaweza kukuandikia matone ya apraklonidini ya 0.5%, ambayo huuchochea msuli mdogo ulio nyuma ya ukope na kuuinua milimita 1 hadi 2 wakati unasubiri. Usikubali kuchomwa upande wa pili ili "kusawazisha".

Sindano inayofuata isiwe kabla ya miezi 3, kwa sababu kuchoma mara kwa mara na kwa dozi kubwa huongeza uwezekano wa mwili kutengeneza kingamwili zinazoifanya dawa isifanye kazi. Kabla ya kila awamu, rudia kipimo cha paji. Kope hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, na dozi iliyokufaa ukiwa na miaka 42 inaweza kuyafunga macho yako ukifika 50.